Kisanduku namba 15: tanzia zitaje mama wa marehemu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ukurasa wa tanzia. Wasomaji wengi huupita haraka, au huutupia jicho kuona kama yumo wanayemfahamu. Mimi huanzia hapo. Huwa na penseli mkononi, na katika kila tangazo natafuta jambo moja: jina la mama wa marehemu. Baba karibu kila mara yumo. Watoto wamo, wakwe wamo, wajukuu wanaosoma mbali wamo. Mama aliyemzaa marehemu mara nyingi hayumo, na mjane wake huandikwa "mke wa marehemu" kana kwamba hakuwa na jina kabla ya kuolewa.

Mimi ni mkunga mstaafu. Kwa miaka 33 nimepokea watoto na kujaza fomu zao, kwa hiyo karatasi za usajili nazijua kutoka upande wa anayeziandika. Najua mtu aliyekesha anavyoandika jina saa kumi alfajiri kwa kulisikia tu, bila kuuliza herufi, na familia ikabaki na jina hilo jipya maisha yote. Tangu nistaafu natafuta nasaba yetu. Huu ni mwaka wa tisa.

Watafutaji wa nasaba wana mtindo wa kuwapa wazazi namba. Ulichapishwa na Michaël Eytzinger mwaka 1590, na Stephan Kekulé von Stradonitz akaueneza mwaka 1898. Mtoto wa shule ya msingi anauweza. Wewe ni namba 1. Baba wa mtu yeyote huchukua namba ya mtu huyo mara mbili. Mama huchukua hiyo hiyo na kuongeza moja. Baba yangu ni 2, mama yangu 3, bibi mzaa mama 7, na mama aliyemzaa bibi 15. Ukimwacha wa kwanza, wanaume wote ni namba shufwa na wanawake wote ni witiri, kwa hiyo ukiitandaza chati mezani unaona mara moja ni upande gani una mashimo. Upande wa witiri ndio uliotoboka. Namba 14, yaani baba wa bibi, nilimpata mwezi wa kwanza: jina, kazi, mwaka wa kuzaliwa, hata sahihi yake. Kisanduku cha 15 kilikaa kitupu miaka minane.

Wala si kwamba huyu mama hakupita kwenye karatasi. Alipita. Kwenye hati ya kiwanja ni "mke wa" namba 14. Kwenye orodha ya kaya ni "mke, mmoja". Daftari la ndoa ya bibi lina nafasi ya baba wa bibi harusi na nafasi ya kazi ya baba. Nafasi ya mama haikuchorwa kabisa. Wasomaji wasidhani ni upungufu wa mahali pamoja. Uingereza na Wales zilianza usajili wa serikali tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha ndoa kikawa kinamtaja baba peke yake. Mama wa bwana na mama wa bibi harusi waliingizwa tarehe 4 Mei 2021. Hesabuni wenyewe ni vizazi vingapi hapo katikati.

Karatasi iliyoniumiza kuliko zote ni cheti cha kifo cha bibi yangu mwenyewe. Jina la baba: limeandikwa. Jina la mama: "hajulikani." Aliyekwenda kutoa taarifa alikuwa mmoja wa wakwe zake. Karani aliuliza, mkwe akasema hajui, karani akaandika, mhuri ukagongwa. Siku hiyo hiyo watoto wawili wa bibi walikuwa wamekaa nje ya ofisi kwenye benchi. Hakuna aliyetoka kuwauliza. "Hajulikani" ya karatasi mara nyingi maana yake ni kwamba aliyejua alikuwa nje ya mlango.

Na mimi sina pa kujificha. Bibi nilimuuguza miezi minne ya mwisho. Nilimuuliza kila asubuhi amelalaje, anaumwa wapi, amekula nini. Nilijua mapigo ya moyo wake na rangi ya mkojo wake. Jina la mama yake sikumuuliza hata mara moja, nami nilikuwa mtu mzima, mwenye elimu na daftari mfukoni. Jambo hili nimelibeba na naliandika hapa ili mwenye mgonjwa nyumbani leo jioni avute kiti karibu na kitanda na kuuliza.

Aliyebaki alikuwa mama mkubwa, dada yake mama. Alikuwa na miaka 88 nilipokwenda na simu ya kurekodi. Nilianza vibaya. Nilimuuliza moja kwa moja, "Mama mkubwa, bibi yenu aliitwa nani?" Akanitazama kama niliyemvunjia mtu heshima. "Sisi tulimwita Bibi," akasema. "Nani angemtaja jina?" Nikafunga daftari. Nikamwomba anisimulie tu siku moja nyumbani kwa bibi yake, tangu kuamka. Hapo akafunguka saa mbili nzima. Kwamba alitumia mkono wa kushoto na hakukubali kusahihishwa. Kwamba hakutaka kupigwa picha. Kwamba akikasirika alinyamaza badala ya kufoka. Kisha, akiwa ameshaanza kuchoka, akatamka sentensi iliyogeuza kazi yangu yote: "Halafu yule kaka yake mama, wa baba mwingine, alifariki mwaka nilipojifungua kifungua mimba wangu."

Wa baba mwingine. Katika karatasi zote nilizokusanya hapakuwa na dalili kwamba namba 15 aliwahi kuolewa kabla. Kaka huyo alibeba jina la ukoo wa baba yake, kwa hiyo nilikuwa nimempita mara nyingi bila kujua. Bibi na yeye waliunganishwa na mtu mmoja tu, mama, na mama ndiye ambaye kila karani alimruka. Ningefuata majina ya baba miaka mia nisingewakutanisha.

Mwaka wa kujifungua kifungua mimba nilikuwa nao: binamu yangu ana cheti cha kuzaliwa. Mama mkubwa alikumbuka pia kwamba msiba ulikuta mtoto hajaanza kukaa. Nikapata dirisha la miezi sita hivi. Nikaenda kwenye hifadhi ya nyaraka nikaomba magazeti ya kipindi hicho.

Ambaye hajawahi kusoma magazeti yaliyojalidiwa nimweleze yalivyo. Jalada moja lina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Karatasi imekuwa ya kahawia, na ukigeuza ukurasa kwa haraka kona inabaki mkononi mwako, kwa hiyo unaingiza kiganja chote chini ya ukurasa na kuuinua polepole, kama unavyomgeuza mgonjwa mwenye vidonda vya mgongo. Kalamu ya wino hairuhusiwi mezani. Nilikwenda mara 11. Mara ya kumi nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba labda mama mkubwa alichanganya miaka.

Tangazo lilikuwa safu ya kulia kabisa, chini ya habari ya mvua. Mistari tisa. Lilisema marehemu alikuwa mtoto wa fulani na wa Bi fulani binti fulani, na kwamba ameacha dada wa tumbo moja, likamtaja bibi yangu kwa jina lake mwenyewe na jina la mumewe, babu yangu. Nilisoma mara tatu. Halafu nikalisoma kwa kidole, neno kwa neno, nikiogopa macho yananidanganya. Jina la mama mzaa bibi. Na jina la baba yake pia. Mistari tisa ya gazeti ilinipa namba 15 na namba 30 kwa pamoja, kitu ambacho serikali, mahakama na nyumba ya ibada havikuweza kunipa kwa miaka minane.

Mtu aliyeandika tangazo lile simjui. Huenda alikuwa mwana familia, huenda alikuwa karani wa dawati la matangazo aliyeuliza, "Na mama yake je?" Nusu dakika ya mtu huyo ndiyo inayonifanya niwaandikie barua hii.

Majina hayo siyachapishi hapa. Tumepata ndugu wapya, wako hai, na bado hatujakaa kukubaliana nini kiwekwe hadharani. Katika kazi hii wafu tunawaandika kwa uwazi na walio hai tunawaomba ruhusa. Nawasihi wanaoanza waishike kanuni hiyo mapema, kabla hawajabandika mti mzima wa ukoo kwenye intaneti wenye tarehe za kuzaliwa za watoto wadogo.

Ndugu hao tulithibitishana kwa njia ya pili. Nilitema mate kwenye kichupa nikapima vinasaba, na mjukuu wa yule kaka alikuwa amepima kwa shughuli zake nyingine. Tukaonekana tunashirikiana sentimogani 118, hiyo ikiwa ni kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba vinavyofanana kati ya watu wawili. Watu wa kizazi chetu wenye bibi na babu waliotoka tumbo moja kwa baba tofauti hushirikiana kwa wastani kiasi cha 120, kwa hiyo hesabu ilikubali. Lakini naonya: namba hiyo hiyo inaweza pia kutoka katika udugu wa aina nyingine kadhaa. Kipimo kilisema sisi ni ndugu. Gazeti ndilo lililosema kwa nani. Tena, anayepima ajue kwamba anaweza kukutana na siri ambayo mzazi wake aliizika kwa sababu zake, na kwamba taarifa hizo zikivuja hazibadilishwi kama neno la siri la simu. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa kampuni moja tu ya vipimo hivi. Nilipima nikiwa najua hayo, na simlaumu anayekataa.

Kuna jambo moja la vinasaba ambalo mimi, kama mkunga, huliwaza sana. Ndani ya seli zetu kuna sehemu iitwayo mitokondria, nayo ina vinasaba vyake vidogo ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake. Mwana wa kiume huvipokea lakini havirithishi. Vyangu vilitoka kwa mama, naye alivitoa kwa bibi, na bibi kwa namba 15. Kwa hiyo miaka yote minane niliyokuwa nikimtafuta nilikuwa nimembeba katika kila kiungo cha mwili wangu. Kilichokuwa kimepotea ni jina.

Narudi kwa gazeti. Daftari la msajili mara nyingi liko moja tu. Likiungua, limeungua. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland, jengo la kumbukumbu za umma mjini Dublin lililipuka na kuteketea, na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 zikaenda nalo. Marekani ilipoteza sehemu kubwa ya sensa yake ya 1890 kwa moto wa mwaka 1921. Sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliungua Desemba 1942, na si kwa bomu, ingawa vita vilikuwa vinaendelea. Gazeti huchapwa nakala maelfu na kutawanyika: moja maktaba, moja kwa mwalimu, moja limetandikwa ndani ya kabati la nguo. Ndiyo maana watafutaji waliopoteza madaftari hukimbilia magazeti. Mnachokichapa kesho asubuhi, Mhariri, ni vigumu kuungua chote.

Na magazeti yamewahi kufanya kazi hii kwa watu waliofutwa majina makusudi. Katika sensa za Marekani za 1850 na 1860 waliokuwa watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mmiliki, kwa umri, jinsia na rangi, karibu wote bila majina. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza baada ya utumwa kufutwa, na ndipo wengi wao wanapoonekana kwa majina kwa mara ya kwanza. Walipopata uhuru, walikwenda kwenye magazeti. Kwa miongo mingi walitoa matangazo ya kutafuta mama aliyeuzwa, mtoto aliyechukuliwa, kaka aliyetenganishwa nao sokoni. Southwestern Christian Advocate la New Orleans lilikuwa na safu maalumu ya jamaa waliopotea, na wachungaji waliombwa kuisoma kwa sauti mbele ya waumini ili hata asiyejua kusoma asikie. Matangazo hayo yalijaa majina ya mama, maana walioyaandika walijua wazi kwamba kwa wengi wao mama ndiye uzi pekee uliobaki.

Wapo watakaosema ndivyo wazee walivyozoea, nasaba hufuata baba. Ukoo wa Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, umeandika nasaba yake vizazi kwa vizazi, na toleo la mwaka 2009 lina majina zaidi ya milioni 2. Ndilo toleo la kwanza lililowaingiza wanawake. Kama kitabu cha nasaba ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita kimeweza kufungua ukurasa mpya, fomu ya tangazo la kifo inaweza kuongezwa mstari.

Ombi langu hasa ni hilo: fomu. Mfiwa anayefika kwenye dawati lenu hana akili ya kukumbuka mengi. Hujaza kile anachoulizwa. Muulizeni jina la mama wa marehemu, na huyo mama ni binti wa nani. Marehemu akiwa mwanamke, muulizeni jina alilozaliwa nalo. Muulizeni mwaka na mahali alipozaliwa marehemu. Muulizeni ndugu wa tumbo moja, walio hai na waliotangulia. Na kwa kuwa tangazo hulipiwa kwa ukubwa wake, nawaomba mistari hiyo muitoe bure. Familia nyingi hukata jina la mama si kwa dharau ila kwa kuhesabu maneno.

Niliwahi kulisema hili mbele ya vijana wa familia na mmoja wao, anayefanya kazi benki, akanipinga vizuri. Alisema jina la mama ni swali la usalama linalotumiwa kumtambua mteja, na kulichapisha ni kuwapa wezi ufunguo. Nimelitafakari. Kwa mzee aliyefariki na miaka 80, akaunti yake inafungwa na mama yake alishazikwa zamani. Hapo sioni ufunguo wowote. Kwa waliobaki, kijana ana haki: msichape tarehe zao kamili za kuzaliwa wala mahali wanapoishi, majina yanatosha. Benki nazo zitafute swali jingine, maana jina la mama halikupaswa kuwa siri ya kufungulia kabati.

Pia kuna familia ambazo kumtaja mama ni kufungua kidonda: mtoto aliyelelewa na mwingine, ndoa iliyovunjika vibaya, mama aliyeondoka. Hao wasilazimishwe. Waachwe waruke mstari kwa hiari yao wenyewe. Ninachokataa ni mstari kutokuwapo kabisa, hata kwa wale ambao wangeujaza kwa furaha.

Mama mkubwa alifariki mwaka jana. Alikuwa ameshalisikia jina. Nilimsomea tangazo lile nikiwa nimelinakili kwa mkono, akalirudia jina mara mbili kwa sauti ndogo kama anayelijaribu mdomoni, kisha akasema, "Kumbe ndilo lile walilompa dada yangu mdogo aliyekufa." Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mtoto huyo alipewa jina la bibi. Tulipoandika tanzia ya mama mkubwa tulimweka mama yake kwa jina, na bibi yake kwa jina, na huyo dada mdogo pia, ambaye hakuwahi kuandikwa popote.

Mwezi uliopita nilizungumza kwa simu na yule mjukuu wa kaka yake bibi. Kabla sijamwambia lolote la mkono wa kushoto, aliniuliza kama kwetu kuna wanaotumia kushoto, maana babu yake alikuwa akisema alirithi kwa mama. Nilimjibu kwamba naandika maneno yake kwa mkono huo huo.

Kisanduku cha 15 sasa kimejaa kwa wino, na pembeni nimeandika jina la gazeti, tarehe, ukurasa na safu, ili atakayekuja baada yangu asinisadiki mimi, aende akasome mwenyewe. Cha 30 kimejaa. Cha 31, mama aliyemzaa namba 15, ni kitupu. Naamini wakati huo tayari kulikuwa na magazeti, na naamini nanyi mna majalada ya zamani ambayo hayajafika kwenye hifadhi ya nyaraka. Naomba ruhusa ya kuja kuyasoma, siku yoyote itakayowafaa. Nitakuja na penseli.

Msomaji wenu,
Mkunga mstaafu